Kifuniko cha Maji ya Moshi

Kambi ya handaki, Kinnaur
9 Juni 2002

Dada Biaki,

Leo ni Jumapili, tarehe tisa Juni, na ni mwaka mmoja na miezi miwili tangu nishuke kilima chetu na begi mgongoni. Ningeanza kwa salamu, lakini nina hasira, kwa hiyo salamu zitangoja.

Kifurushi chako kimefika. Nyama ya nguruwe iliyokaushwa juu ya meko, kibuyu cha mafuta yaliyochachishwa, na ile chupa ya tuibur uliyoifunga kwa kitambaa kama mtoto mchanga. Tumbo lilikuwa linaniuma tangu Machi. Nikafanya kama tulivyofundishwa nyumbani. Nikajaza kifuniko, nikakiweka mdomoni, na badala ya kutema nikameza, yale maji ya moshi wa tumbaku yashuke yakanyamazishe maumivu. Nikatapika mbele ya mashine ya kutoboa mwamba. Dhan Bahadur, Mnepali ninayefanya naye zamu, akacheka, akiniita kwa kabila langu kama kawaida yake: "Wenzako tunavuta moshi, Mizo, wewe unaukoroga na maji unaunywa!" Kisha akaona rangi ya uso wangu, akaacha kucheka, akanibeba mpaka kwa daktari wa kambi.

Daktari ni mama mmoja kutoka kusini, Sosamma, mfupi, mkali kuliko msimamizi wetu. Akauliza, "Kwenu amekufa nani kwa tumbo?"

"Mama. Na kaka yangu Thanseia."

"Kaka alikuwa na miaka mingapi?"

"Arobaini na minne."

"Na wewe?"

"Thelathini na tisa."

Akaweka kalamu chini. Akaifungua chupa yako, akainusa, akaipeleka nje akaimwaga kwenye mawe. Nilitaka kumkataza. Ni kazi ya mikono yako.

Wamenipeleka hospitali ya mjini, wamenishusha mpira wenye taa kooni mpaka ndani ya mfuko wa chakula. Nina vidonda. Na nina bakteria anayeishi humo humo tumboni, aliyenipata nikiwa mtoto. Daktari anasema huyu hupita kwenye maji machafu, kwenye mate, kutoka kwa mama kwenda kwa mwana. Nikamwambia mama yetu alitutafunia wali kabla ya kututia mdomoni, na kwamba tulikula sinia moja, mikono mitano. Akasema, "Basi alichonacho mmoja wenu, wote mnacho." Amenipa vidonge vya siku kumi na nne. Saratani hakuiona.

Sasa sikiliza hasira yangu. Mama aliumwa miaka miwili, Thanseia miezi saba, na hakuna mtu kijiji kizima aliyesema neno zaidi ya "mpe maji ya moshi." Na wewe unakaa kutwa juu ya ule mtambo, unapepea mkaa, unapitisha moshi majini, unaonja kila chupa kujua kama imekolea. Acha. Nenda hospitali ya Aizawl ukapimwe.

Ndugu yako,
Zuala


Nyumbani
28 Juni 2002

Zuala,

Umeandika kurasa nne na hukuuliza hata mara moja kama baba anaongea.

Haongei. Upande wa kushoto bado umelala kama siku ulipoondoka. Namgeuza asubuhi, mchana na jioni asiote vidonda. Namlisha. Namsafisha. Ana uzito wa gogo, na akikasirika ananipiga kwa ule mkono mzima. Hayo ndiyo yaliyomo kwenye nyumba yako. Ndiyo, yako. Mimi ni mwanamke niliyerudi kutoka kwa mume, nakaa hapa kwa hisani.

Tangu lini mchimba handaki akawa mhubiri? Tuibur alitengeneza bibi, alitengeneza mama, na mgeni akiingia mlango wowote kijijini hapa ndicho kitu cha kwanza anachopewa. Nitampa nini? Maji matupu, kama mfungwa? Na huyo daktari wako aliyemwaga kazi yangu kwenye mawe, mwambie moshi ule umetusomesha. Wewe ulisoma mpaka darasa la saba kwa moshi ule. Bila huo usingeweza hata kuniandikia matusi haya.

Na usimtaje mama tena kana kwamba alituua. Alitutafunia wali kwa sababu hatukuwa na meno.

Hatuna shida ya chakula, usijisumbue. Mchele unadumu sana siku hizi, maana mimi vijiko vitatu vinanishibisha. Sketi yangu ya kufunga naizungusha mara mbili na bado ncha inabaki. Jirani Lalthangi anasema nimekuwa kama msichana wa kwaya. Kwa hiyo ona, wapo wanaonisifu.

Sitatuma chupa tena.

Biakthangi


Kambi ya handaki
20 Julai 2002

Dada,

Barua yako niliisoma mara mbili kwa hasira. Kisha nikampelekea Daktari Sosamma ili nimwonyeshe jinsi watu wa kwetu walivyo wabishi. Nilikuwa namtafsiria huku nacheka. Nilipofika kwenye vijiko vitatu, akanishika mkono. "Rudia hapo." Nikarudia. Akauliza kuhusu sketi. Nikarudia hapo pia. Hakucheka.

Kushiba haraka na kukonda bila sababu, anasema, mtu hasifiwi kwa hayo. Mtu anapimwa kwa hayo. Na mtu aliyezika mama na kaka kwa ugonjwa ule ule hangoji hata dalili hizo.

Nikamuuliza ni kipi hasa kinacholeta ugonjwa huu, ili nikutajie yaishe. Nilitaka jina moja. Akasema haliko moja. Wengi wana huyo bakteria na wanazeeka salama. Lakini mwongezee huyo bakteria chumvi nyingi kila siku, samaki wa kukaushwa, nyama iliyoning'inia juu ya meko mwezi mzima, tumbaku ya kuvuta na ya kunywa, mboga mbichi kidogo na matunda kidogo, na ukoo ambao tayari umeshaugua, basi unakuwa kama mtu anayelundika kuni kavu mlangoni halafu anasema moto ni majaliwa. Niliona aibu, dada. Tunalima machungwa! Mlima mzima wa machungwa, tunayapakia kwenye magari yaende mjini, sisi tunarudi ndani kula nyama ya moshi na mafuta ya kibuyu.

Basi fanya hivi, na usinijibu kwa ulimi. Chemsha maji ya kunywa. Mnyama akichinjwa, pika nyama siku hiyo hiyo, usiitundike. Chumvi punguza nusu. Kula machungwa na hayo majani ya haradali bila mafuta ya kibuyu. Zima mtambo. Lakini hayo yote ni ya baadaye, na hayaondoi kilichokwisha kuingia. Kwanza mpira. Nenda Aizawl wakuangalie ndani kwa macho. Ni mwendo wa siku moja kwa gari. Unangoja nini? Kichwa chako kigumu kama mwamba wa huku, na huku angalau tuna baruti.

Zuala


Nyumbani
14 Agosti 2002

Zuala,

Nimeenda Aizawl. Furahi sasa.

Nilifika asubuhi, watu ni wengi, nikanywa chai na mkate hapo mlangoni, wakaniita, wakanishusha mpira, wakaangalia. Hakuna kitu. Wakasema ni uchovu tu. Nikarudi.

Mvua imebomoa barabara chini ya shule. Baba hajambo.

Usiniandikie tena habari ya matumbo.

Biakthangi


Kambi ya handaki
5 Septemba 2002

Biakthangi,

Mwongo mkubwa wewe.

Umekunywa chai na mkate halafu wakakushusha mpira? Mimi jioni ya kabla yake sikuruhusiwa kula, na asubuhi nilinyimwa hata tone la maji. Nilikaa kwenye benchi midomo imekauka kama kigae. Tumbo likiwa na chakula hawaoni kitu, na unaweza kujisonga kwa matapishi. Hilo sikukuandikia, na wewe hukulijua, kwa sababu hujawahi kuvuka mlango ule. Nilimsomea daktari barua yako. Akasema maneno matatu tu: "Bwana, hakwenda huyu."

Nilitoka nikapiga teke ndoo ya fundi, nusura nifukuzwe kazi. Dhan Bahadur akaniuliza, "Umepigana na nani?" Nikamwambia na dada yangu. Akasema, "Nani ameshinda?"

Kijiji kile, mtu akifa, wale wa Chama cha Vijana wanafika kabla maiti haijapoa. Wanachimba kaburi bila kuitwa. Wanakesha na wafiwa, wanaimba siku tatu. Thanseia walimchimbia kwenye mvua, na mawe yalikuwa makubwa, hakuna aliyenung'unika. Kwa wafu tuko hodari sana! Tunangoja mtu afe ndipo tunakuja na majembe. Mimi sitaki wakuchimbie. Unanisikia? Sitaki nipokee telegramu hapa kwenye vumbi.

Nitakwambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Unakumbuka mama alivyokuwa akijikunja asubuhi karibu na meko? Wewe ulikuwa bado kwa mumeo. Mimi ndiye niliyekuwa nikimjazia kifuniko. Kimoja kila asubuhi, nakishika kwa vidole viwili, namwambia, "Meza, mama, usiteme." Anameza, anatulia kidogo, ananiambia, "Mwanangu una mkono wa dawa." Miaka miwili, dada. Daktari anasema hakuna awezaye kusema ni kifuniko changu kilichomuua. Anasema tumbaku huongeza hatari, lakini lililotuponza zaidi ni kwamba maumivu yakitulia hakuna anayekwenda kutazama chanzo. Alisema hivyo kwa upole, na upole wake ulinichoma kuliko ukali.

Ndiyo maana niliondoka. Siyo kazi. Sikuweza kuukalia ule upande wa meko.

Sasa niambie ukweli. Kwa nini hujaenda?

Zuala


Nyumbani
2 Oktoba 2002

Zuala,

Unataka ukweli. Chukua, na usiudondoshe.

Nani atamgeuza baba?

Barua tatu umenituma Aizawl kama unayemtuma mtoto dukani. Siku moja kwenda, siku moja kungoja, siku moja kupima, siku moja kurudi. Siku nne. Hujauliza hata mara moja huyu mzee atakaa na nani siku nne. Unajua kuhesabu chumvi yangu na machungwa yangu, hilo hukulihesabu. Kwetu anayebaki na nyumba ni mtoto wa kiume wa mwisho. Anayebaki na nyumba anabaki na meko, na anayebaki na meko anabaki na wazee. Wewe ndiye kitindamimba, Zuala. Hata Thanseia angekuwa hai, mahali hapo ni pako. Mimi nimekaa mahali pako mwaka mmoja na nusu, halafu unaniandikia kwamba nina kichwa kigumu.

Umewataja vijana wa Chama. Nilikwenda mpaka mlangoni kwa katibu wao, Vanhnuaithanga. Nikasimama. Ningesema nini? Wangeulizana, kitindamimba yuko wapi? Nikajifanya nimekuja kuazima nyundo. Nikarudi na nyundo ambayo siihitaji. Ipo hapa, naitazama. Nimelinda jina lako kwa tumbo langu.

Na aibu siyo yote. Naogopa. Nilimwona mama mwishoni, wewe ulikuwa umetoka nje. Asiyetazama anaweza kujiambia ni uchovu.

Ukweli mwingine huu hapa. Tangu Agosti choo changu ni cheusi kama lami. Nikipanda ngazi za kanisa naona nyota. Kijiko cha tatu hakiingii tena.

Kuhusu kifuniko. Nilijua. Mama aliniambia. Alikuwa anajisifu kwa wageni kwamba mwanawe wa mwisho hamwachi. Na ile tuibur ulikuwa unaijaza kutoka chupa gani? Kutoka chupa zangu, nilizomtumia kutoka kwa mume wangu kila mwezi ili apate nafuu. Kwa hiyo usijibebee peke yako kama shujaa. Tulikuwa wawili kwenye kifuniko kile.

Mtambo nimeuzima tangu wiki iliyopita. Usidhani nimekutii. Moshi unanitapisha.

Biaki


TELEGRAMU
21 Oktoba 2002
KWA VANHNUAITHANGA KATIBU CHAMA CHA VIJANA

DADA YANGU BIAKTHANGI MGONJWA SANA. ANATOKA DAMU NDANI. HAWEZI KWENDA HOSPITALI SABABU YA BABA. KITINDAMIMBA NI MIMI NA SIPO. KOSA NI LANGU. NAOMBA MKAE NA BABA YANGU AKIWA HAI KAMA MNAVYOKAA NA WAFU. DADA MPELEKENI AIZAWL SASA. ZUALA


Aizawl
7 Novemba 2002

Zuala, mshenzi mkubwa,

Waliisoma kanisani! Jumapili, baada ya matangazo ya kwaya, mbele ya watu wote, Vanhnuaithanga akasimama na kile kikaratasi akasoma neno kwa neno. "Anatoka damu ndani." Nilitaka sakafu ifunguke. Kisha akasoma "kosa ni langu," na mzee mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Angalau huyo ana adabu ya kusema."

Kabla sijafika nyumbani walikuwa wameshafika. Vijana sita. Wamejipanga zamu kama kwenye msiba, ila safari hii marehemu mwenyewe anapumua na anawapiga kwa mkono wa kulia. Wanamgeuza vizuri kuliko mimi. Wamemtafutia ubao wa keram, ule mchezo wa kusukuma vidude kwa kidole, anacheza kwa mkono mmoja, anawaibia. Lalthangi alinisindikiza huku. Nilimwambia, "Mimi na wewe siku zote tunaonana misibani tu." Akasema, "Basi leo tujaribu hospitali."

Nililala na njaa. Asubuhi sikunywa chai. Mama mmoja kwenye benchi alikuwa anakunywa ya kwake, harufu inanijia puani, nikakulaani wewe na daktari wako. Wakanishusha mpira. Nililia kama mtoto. Kisha wakachukua kipande kidogo cha kupima, wakaniambia ningoje wiki nzima.

Ni saratani, Zuala. Nimeandika neno lenyewe, mama hakuwahi kulitamka. Iko upande wa chini wa tumbo, na kidonda chake ndicho kilichokuwa kinatoa damu. Lakini daktari amenichorea kwenye karatasi: huu ni ukuta, hii ni saratani, haijatoka nje ya ukuta kwa wanavyoona. Watakata sehemu kubwa ya tumbo, waunganishe kinachobaki. Anasema wengi wanaokuja hapa wanakuja wakati hakuna cha kukata tena. Akaniuliza nani alinisukuma nije. Nikamwambia, ndugu yangu mmoja mwenye matusi.

Wameniongeza damu, wamenipa vidonge vya yule bakteria wako. Narudi nyumbani kujenga nguvu. Upasuaji ni Jumanne tarehe 17 Desemba. Wanataka ndugu wa kutia sahihi. Sijamtaja mtu.

Muuguzi alimtoa baba damu kabla sijaondoka, nikaja nayo hapa, naye ana huyo bakteria. Vidonge alikwisha kuvikubali. Tuibur alikataa kuacha. Nilimwambia hakuna mtu wa kumtengenezea. Alinipiga.

Biaki


Kambi ya handaki
23 Novemba 2002

Dada Biaki,

Barua yako imefika jana. Nimeisoma nikiwa nimekaa kwenye reli za mikokoteni, na sikuwa na hasira nayo hata mahali pamoja, jambo lililonitisha.

Kisha hasira imerudi, nashukuru. Nimekasirika kwamba mama hakuchorewa ukuta kwenye karatasi. Nimekasirika kwamba Thanseia alizikwa na vijana wenyewe hao ambao wangeweza kumbeba miezi sita mapema kama mmoja wetu angefungua mdomo. Nimekasirika juu ya barua tatu za kukuamuru bila kuuliza nani atamgeuza mzee. Hiyo ya mwisho ni yangu peke yangu, na nitakuja nayo.

Nimemsomea Daktari Sosamma. Alisikiliza mpaka mwisho, hasa pale pa ukuta. Akasema tumbo dogo hula kidogo kidogo, mara sita kwa siku, na linahitaji mtu wa kupika mara sita. Akaniuliza, "Kwenu mpishi ni nani?" Nikasema, aliyekalia meko. Akasema, "Basi nenda ukakalie."

Msimamizi anadai nimalize mwezi, amesema kabla ya hapo hakuna ruhusa. Mwezi unaisha Jumamosi ijayo. Sitaanza mwingine. Mshahara wanatoa wiki moja baadaye, na njia ni ya siku saba. Dhan Bahadur amechukua nguo zangu za handaki kabla sijazivua.

Ule mtambo usiutupe wala usimpe mtu. Nataka niuvunje mwenyewe, kwa ile nyundo uliyoazima, halafu nimrudishie Vanhnuaithanga nyundo yake, nimwambie kwa nini ulikwenda kuiazima. Na ile fito tunayotundikia nyama juu ya moto iteremshe, nitaifanyia kazi nyingine. Mwambie baba anayekuja kumgeuza ana mikono ya kubeba mawe, asijaribu kupiga.

Waombe vijana waongeze siku chache kwa mzee, kwa jina langu, na safari hii usirudi na nyundo. Karatasi ya hospitali waiache wazi pale pa sahihi. Jumatatu tutashuka Aizawl pamoja, na Jumanne asubuhi nitakaa katikati yako na birika la chai la mtu yeyote atakayekuwa kwenye benchi lile.

Nitafika Jumamosi, tarehe kumi na nne Desemba.

Kitindamimba,
Zuala